Muhula Mmoja Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kumwandaa Mwanafunzi wa Chuo Kabla Hajapanda Ndege

Mihadhara ya muhula wa kiangazi katika vyuo vikuu vya Ujerumani huanza katikati ya Aprili na kwisha katikati ya Julai. Ni kama wiki 14 tu. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayefika huko hana chumba, hana akaunti ya benki na hajui ni kozi zipi zitahesabiwa chuoni kwake, mwezi wa kwanza ataumalizia kwenye foleni za ofisi, na akija kushtuka zaidi ya robo ya muhula imeshakwenda. Anayesoma shahada nzima nje anaweza kufidia mwezi uliopotea. Wa muhula mmoja hana pa kufidia. Ndiyo maana kwa mratibu yeyote wa safari hizi nasisitiza jambo moja: kinachoweza kumalizwa nyumbani kimalizwe nyumbani.

Mwongozo huu ni wa waratibu wa mabadilishano, wahadhiri walezi na wakuu wa idara wanaopeleka vijana nje, ingawa mwanafunzi akiusoma mwenyewe atafaidika vilevile. Mfano ninaoutumia ni muhula mmoja kutoka chuo cha Tanzania kwenda Ujerumani kwa ufadhili wa Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ambayo sasa inamruhusu mwanafunzi kukaa miezi 2 hadi 12 bila kulipa ada ya chuo kinachompokea. Kwa Kenya na Uganda hatua ni zile zile, kinachobadilika ni kalenda za vyuo na taratibu za mikopo.

Hatua ya 1: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Anzia siku ya kwanza ya mihadhara, halafu rudi nyuma mwezi kwa mwezi. Vyuo vingi vya Ujerumani hupokea majina ya wageni wa muhula wa kiangazi hadi kati ya Novemba na Januari. Viza ya muda mrefu huchukua wiki kadhaa, na wakati mwingine hufika miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo anayeondoka mwanzoni mwa Aprili awe ameshachaguliwa ifikapo Oktoba, na awe ameshaanza kushughulikia pasipoti kabla ya hapo.

Mwaka wa kwenda nao uchaguliwe kwa makini. Kwa shahada zetu za miaka mitatu, muhula wa pili wa mwaka wa pili ndio unaofaa kuliko yote. Kijana ameshapata matokeo ya mwaka mzima ya kumpima, na bado hajaingia kwenye utafiti wa mwaka wa tatu ambao humfunga kwa msimamizi wake. Muhula wetu wa pili pia unakaribiana na ule wa kiangazi wa kwao.

Vipo vikwazo viwili vya kuangalia mapema. Mitihani ya Ujerumani huendelea baada ya mihadhara kwisha, mingine hadi Agosti, wakati ambapo wenzake nyumbani wameshaanza mafunzo kwa vitendo. Kubaliana na idara kwa maandishi kwamba ataanza mafunzo hayo kwa kuchelewa au atayafanya mwaka unaofuata. Cha pili ni sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli. Mwenye sapu ya muhula wa kwanza lazima awepo siku ya mtihani huo, na tiketi yake ya kurudi ikatwe kwa kufuata tarehe hiyo.

Hatua ya 2: Chagua wa kwenda

Alama peke yake hazitoshi. Mwenye wastani mkubwa ambaye kila karatasi yake hukumbushwa mara tatu atakusumbua, na yeye mwenyewe atasumbuka zaidi akiwa ugenini. Waombaji wape kazi ndogo yenye tarehe ya mwisho: barua ya ukurasa mmoja, orodha ya kozi anazozitaka akiwa amezitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya chuo kinachompokea, na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Anayeleta vyote kwa wakati amekwisha kukuonyesha uwezo wa kujitegemea.

Matangazo ya nafasi yafike kwa wote. Ukibandika kwenye ubao wa ofisi peke yake, watakaokuja ni wale wale wenye kaka au dada aliyewahi kwenda. Pita madarasani, tuma kwenye makundi ya WhatsApp ya kila kozi kupitia viongozi wa darasa, na waeleze wazi waliotoka familia zisizo na kitu kwamba ufadhili upo. Mtoto wa mkulima kutoka Kasulu akisikia neno Ujerumani hudhani si lake. Ni kazi yako kumwambia kwamba ni lake.

Hatua ya 3: Makubaliano ya masomo, kiini cha safari yote

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Makubaliano ya masomo ni hati inayotaja kozi atakazosoma huko na kozi za nyumbani zitakazohesabiwa badala yake. Husainiwa na watatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Zisipokuwepo sahihi zote tatu kabla ya safari, kijana anaondoka akiwa hana uhakika wa chochote, na akirudi huenda akaambiwa arudie muhula mzima.

Mkae wawili mezani, mtaala wa nyumbani upande mmoja na orodha ya kozi za huko upande wa pili, mlinganishe maudhui kozi kwa kozi. Majina yanayofanana yasikudanganye. Kozi mbili zinaweza kuitwa takwimu, moja ikafundisha nadharia na nyingine matumizi ya programu ya kompyuta.

Kisha pigeni hesabu ya krediti, maana hapa wengi hupotea. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula. Kwa mfumo wa Ulaya wa ECTS, krediti moja ni saa 25 hadi 30, na muhula mmoja ni krediti 30. Muhula wetu wa krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa vipimo vya Ulaya unapata ECTS 20 hadi 24. Kozi moja ya ECTS 5, yenye saa 125 hadi 150, inalingana na krediti zetu 12,5 hadi 15. Mkuu wa idara asiyeijua hesabu hii ataona namba 5 kwenye karatasi, aikate kozi nzito na kuihesabu kuwa kozi ndogo. Iandike hesabu hii chini ya makubaliano yenyewe ili anayekuja baada yako aione.

Alama nazo zina mtego wake. Ujerumani alama bora ni 1,0, ya mwisho ya kufaulu ni 4,0, na 5,0 ni kufeli. Kwetu GPA ya 5,0 ndiyo kilele. Bila jedwali la kubadilishia alama lililopitishwa mapema na idara, kitivo na pale inapotakiwa seneti, mwanafunzi aliyepata 1,3, ambayo ni alama ya juu sana, matokeo yake yanaweza kuingizwa kwenye mfumo kama ya mtu aliyeanguka. Jedwali lipitishwe kabla hajaondoka, si siku transkripti, yaani hati ya matokeo ya huko, inapofika.

Weka na kozi mbili za akiba. Akifika atakuta moja imefutwa au inagongana na nyingine kwenye ratiba, hilo hutokea kila mara. Makubaliano yanaruhusu kubadilishwa wiki za mwanzo, alimradi wote watatu wasaini tena. Mwelekeze asibadilishe kozi kimya kimya hata kama profesa wa huko amemkubalia kwa mdomo.

Mwisho, mweleze jambo ambalo vyuo vyetu havina mazoea nalo: katika vyuo vingi vya Ujerumani kujiandikisha kwenye kozi ni jambo moja, na kujiandikisha kwa mtihani ni jingine. Mtihani una dirisha lake la usajili, mara nyingi katikati ya muhula. Likifungwa hufanyi mtihani, hata kama hukukosa kipindi hata kimoja. Tarehe hiyo iandike wewe kwenye kalenda yako na umkumbushe.

Hatua ya 4: Pasipoti na viza

Anayetaka pasipoti ya Tanzania huomba kupitia mtandao wa Uhamiaji, lakini karatasi zake hutoka kwingine: cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba au kitambulisho cha NIDA, na vielelezo vya mzazi. Majina ndiyo yanayochelewesha wengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha kidato cha nne kinasema Mohammed, NIDA wameandika Muhamedi. Tofauti kama hizi zitafutwe siku ile ile kijana anapochaguliwa, maana kurekebisha huhitaji hati ya kiapo au mabadiliko rasmi, na hayo hayafanyiki kwa wiki moja.

Viza hutegemea siku atakazokaa. Safari isiyozidi siku 90, kama shule ya kiangazi ya wiki tatu, inahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Maombi yake hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya yuro 30.000 au zaidi. Ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, ila kanuni za viza za Schengen zinawasamehe ada hiyo wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo pamoja na walimu wanaowasindikiza. Wengi hulipa kwa sababu hawakuuliza. Iandike hoja hiyo kwenye barua ya chuo, uijue na wewe. Kituo kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi kinaweza bado kutoza gharama yake ya huduma.

Muhula mzima unapita siku 90, kwa hiyo unahitaji viza ya kitaifa ya Ujerumani. Ubalozi, ulioko Umoja House katikati ya Dar es Salaam, utataka kuona barua ya kupokelewa na chuo, barua ya ufadhili yenye kiasi na tarehe, matokeo, wasifu, barua ya kueleza nia, bima na picha za vipimo vyao. Barua ya ufadhili ina uzito kuliko zote. Asiye na ufadhili hutakiwa kuonyesha akaunti maalumu iliyozuiwa, yaani fedha huwekwa mapema na kutolewa mwezi kwa mwezi, ambayo tangu Septemba 2024 hupigiwa hesabu ya yuro 992 kwa mwezi. Barua isiyotaja kiasi cha fedha kwa mwezi haitoshi. Irudishe kwa waliokutumia, waiandike upya.

Mfanyishe mwombaji mazoezi ya mahojiano. Aulizwe kwa nini chuo hicho, kozi zipi, nani analipa, anarudi lini kumalizia shahada yake. Barua ya nia aiandike mwenyewe, kwa sababu ofisa akimuuliza kuhusu aya ya pili naye haijui, viza imeshaingia mashakani.

Viza ya kitaifa inamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Mwenye shangazi London asidhani atapanda treni mwisho wa wiki akamsalimie. Atahitaji viza nyingine.

Hatua ya 5: Fedha, na kikao na wazazi

Posho ya Erasmus+ kwa mwanafunzi anayetoka kwetu ni kati ya yuro 800 na 900 kwa mwezi, kutegemea nchi anayokwenda. Inatosha kuishi kwa nidhamu. Shida ni mwezi wa kwanza. Malipo ya kwanza yanaweza kufika wiki kadhaa baada ya mkataba kusainiwa au baada ya kuthibitishwa kwamba amefika, na mara nyingi yanahitaji akaunti ya huko ambayo bado hana. Mwezi huo huo anadaiwa vitu vyote kwa pamoja. Chukua mfano wa mji wa kawaida, si Munich: kodi ya chumba yuro 300, amana ya chumba 400, mchango wa muhula wa chuo 200, bima ya afya ya wanafunzi 140, chakula 200, shuka na sufuria 60. Hiyo ni yuro 1.300 kabla hajanunua tiketi ya basi.

Kwa hiyo kijana asiondoke bila njia ya kuzipata yuro 1.000 hadi 1.500. Kama familia haina, chuo kiombe malipo ya kwanza yatolewe kabla ya safari au yakabidhiwe siku ya kufika. Hili lijadiliwe na chuo cha huko kwa barua pepe mwezi Januari, wala lisisubiri Aprili. Kadi ya benki ya nyumbani ifunguliwe matumizi ya nje, ijaribiwe, na asafiri na taslimu kidogo za yuro za kumfikisha chumbani.

Laini ya simu ni sehemu ya fedha pia. Namba za siri za benki na M-Pesa hutumwa kwenye laini ya nyumbani, nayo imesajiliwa kwa alama zake za vidole, hakuna ndugu atakayeweza kuirudisha ikipotea. Awashe huduma ya kutumia laini nje kabla ya kuondoka na aiweke kwenye simu ya pili au nafasi ya pili ya simu yake.

Wanufaika wa Bodi ya Mikopo wakutane na afisa mikopo wa chuo mapema. Boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, husainiwa, na asiyekuwepo kusaini anaweza kukosa. Zaidi ya hapo, hakikisha kwenye mfumo wa chuo anasomeka kama mwanafunzi aliyesajiliwa ambaye yuko kwenye mabadilishano. Akiandikwa kwamba ameahirisha masomo, mkopo husimama na kuufungua tena ni safari ndefu.

Halafu ita wazazi. Nalisema hili kwa uzito: kikao cha saa moja na wazazi au walezi kinaokoa mambo mengi kuliko semina ya siku nzima na wanafunzi. Posho ya Erasmus+ nyumbani inasikika kama zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwezi, na ukoo ukisikia hivyo, ada ya mdogo wake, bati za baba mdogo na matibabu ya bibi vyote vinaelekezwa kwake. Kijana mwenye huruma atatuma, kisha atashinda na mkate mkavu. Waonyeshe wazazi ile hesabu ya mwezi wa kwanza kwenye karatasi. Mama akiiona kodi ya chumba imeandikwa kwa shilingi, yeye mwenyewe ndiye atakayewazuia wengine. Mwombe mzazi aseme mbele ya mtoto kwamba hatarajiwi kutuma chochote kwa miezi hiyo. Sentensi hiyo ikitoka kwa mzazi inamtua kijana mzigo ambao wewe huwezi kumtua.

Hatua ya 6: Chumba

Ombi la chumba kwenye hosteli za shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, litumwe siku ile ile barua ya kupokelewa inapofika. Ndizo nafuu na ndizo salama. Nyumba za mitandaoni zina matapeli: anakutumia picha nzuri, anasema yuko nje ya nchi, utume amana atakutumia ufunguo kwa posta. Asitume fedha kwa mtu asiyejulikana na chuo. Vyumba vingi vya hosteli havina shuka wala blanketi, na anayefika Jumapili atakuta maduka yamefungwa, kwa hiyo usiku wa kwanza shuka itoke kwenye begi lake. Tiketi ikatwe afike siku ya kazi, mchana, ofisi ya funguo ikiwa wazi.

Hatua ya 7: Afya

Apimwe na amalize matibabu ya meno nyumbani. Dawa anazotumia kila siku zikae kwenye pakiti zake, zikiwa na cheti cha daktari. Anayevaa miwani achukue ya pili.

Lipo jambo moja ambalo kila mwanafunzi alijue kwa moyo. Akipata homa wiki au miezi ya mwanzo akiwa Ujerumani, amwambie daktari papo hapo kwamba anatoka nchi yenye malaria na aombe apimwe. Huko mtu mwenye homa na maumivu ya viungo hufikiriwa mafua, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa apumzike. Malaria aliyoondoka nayo Dar es Salaam au Mwanza haitasubiri. Namba ya dharura ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, ya polisi ni 110.

Zungumzeni pia upweke. Wiki ya tatu au ya nne, msisimko ukishapoa, wengi hulala sana, huacha kupika, hawapokei simu. Mpangie mtu mmoja wa kuongea naye kila wiki kwa Kiswahili, awe mwanafunzi aliyewahi kwenda au mhadhiri mlezi. Tofauti ya saa ni ndogo, saa 1 wakati wa kiangazi na saa 2 wakati wa baridi, kwa hiyo hakuna kisingizio. Katika miji kama Leipzig, Hamburg na Bayreuth Kiswahili kinafundishwa chuo kikuu, na hapo kijana wetu hupata marafiki haraka kwa sababu wapo wanaomtafuta wafanye naye mazoezi ya lugha.

Hatua ya 8: Semina za maandalizi

Panga vikao vinne kati ya Januari na Machi, vifupi, kila kimoja na shughuli. Lugha ianze mapema zaidi. Hata kama kozi zote ni za Kiingereza, ofisi ya mtaa, fundi wa hosteli na muuza mkate watamsemesha Kijerumani. Ngazi ya A1, ya mwanzo kabisa, inaweza kusomwa Goethe-Institut hapa Dar es Salaam wakati wa muhula wa kwanza.

Kikao cha darasani kifanyieni mazoezi ya kweli. Kwenye semina za huko wanafunzi 15 wanakaa na profesa na kila mmoja anategemewa kuuliza na kupinga. Kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa ataonekana hana la kusema. Mpe makala, mwache aisome, kisha mwambie akupinge wewe, mhadhiri wake, mbele ya wenzake. Mara ya kwanza sauti itatetemeka. Rudieni hadi atulie. Adabu yake itabaki pale pale, anajifunza tu kwamba huko hoja ndiyo heshima.

Ratiba nayo isomwe pamoja. Akiona imeandikwa “10 c.t.” ajue kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi ya huko kwa hesabu ya Kiswahili, ile robo ni desturi ya vyuo vya huko. Ikiandikwa “10 s.t.” ni saa nne kamili, na saa nne na dakika mbili mlango umeshafungwa na macho yote yanakugeukia. Wanaohesabu saa kwa Kiswahili kichwani waandike miadi yote kwa saa za tarakimu 24, maana kosa la saa sita ni rahisi kulifanya.

Ya kuishi yapitieni upesi: chupa nyingi za plastiki na makopo yana amana ya senti 25 inayorudishwa dukani, taka hutenganishwa, usiku na Jumapili kelele haziruhusiwi. Kwa Waislamu, bwalo la chuo, Mensa, huonyesha chakula chenye nguruwe, na mwezi wa Juni jua la Berlin huzama karibu saa tatu na nusu usiku, hivyo magharibi na isha zinasogea mbali na mazoea.

Ubaguzi wa rangi usifichwe. Kijana mweusi anaweza kukodolewa macho kwenye treni, kuombwa kitambulisho na polisi wakati wengine wanapitwa, au kusikia neno baya. Mweleze kabla, ili likimkuta asijione yeye ndiye mwenye kasoro. Atembee na kitambulisho cha chuo na nakala ya pasipoti na viza, ajue pasipoti yenyewe iko wapi, ajibu polisi kwa utulivu, na akitukanwa au kutishiwa aripoti ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Apigiwe simu na mtu wa nyumbani siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Mzigo

Aprili bado ina baridi, usiku unaweza kukaribia nyuzi sifuri. Koti zuri la mtumba lipo soko la Karume kwa bei ambayo huko hununui hata skafu. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii, abebe adapta mbili. Mabinti wasuke kabla ya safari na wabebe rasta za akiba, kusuka huko ni ghali.

Nyama, maziwa na jibini haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya, hata kama mama amevifunga vizuri. Samaki wakavu wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Unga wa ugali na viungo vya pilau ni vya kubeba.

Hatua ya 10: Wiki mbili za kwanza

Mpe mpangilio huu kwenye karatasi moja. Siku ya kwanza achukue ufunguo na ile fomu ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia. Fomu hiyo aipeleke ofisi ya wakazi kwa usajili wa makazi, Anmeldung, ambao sheria inataka ufanyike ndani ya wiki mbili. Cheti cha usajili kitamsaidia kufungua akaunti ya benki, na akaunti inafungua mlango wa posho. Bima ya afya iwe tayari kabla ya kujiandikisha chuoni, kwa kuwa chuo hakimsajili asiye nayo. Aangalie tarehe ya mwisho kwenye viza yake. Kama inaisha kabla ya muhula, aombe miadi ofisi ya wageni wiki hiyo hiyo, kwa kuwa miadi hujaa.

Baada ya usajili wa makazi atapokea barua ya ada ya utangazaji, yuro 18,36 kwa mwezi kwa kila makazi. Si utapeli. Kama anaishi nyumba ya pamoja, analipa mmoja na wanachangiana. Asiitupe.

Hatua ya 11: Kurudi

Wiki za mwisho zina kazi zake: kufuta usajili wa makazi, kusitisha bima na ada ya utangazaji, kukabidhi chumba kwa maandishi. Akaunti ya benki isifungwe hadi amana ya chumba na malipo ya mwisho ya posho viingie, na hayo huchukua wiki kadhaa baada ya kuondoka. Aombe cheti cha kuthibitisha tarehe alizokaa kabla hajapanda ndege, kwa sababu malipo ya mwisho huhesabiwa kwa tarehe hizo.

Transkripti kwa kawaida haiji naye. Chini ya Erasmus+ chuo kilichompokea kinatakiwa kuituma ndani ya wiki tano tangu matokeo yatoke, na chuo chake nacho kina wiki tano za kuzitambua krediti. Fungua faili lake wewe mwenyewe wiki ya kwanza ya Septemba: makubaliano ya masomo yenye marekebisho, jedwali la alama, transkripti ikifika. Fuatilia idara, kitivo, ofisi ya mitihani, hadi uzione kozi zake zote kwenye mfumo wa matokeo kabla dirisha la usajili wa mwaka wa tatu halijafungwa.